Roho Ndani ya Gamba: Juu ya Kuigeuza Manga ya Masamune Shirow Kuwa Sinema

Hadithi ya picha ambayo Wajapani huiita Kōkaku Kidōtai, na ambayo kwingineko duniani hujulikana kwa jina la Ghost in the Shell, ilitungwa na kuchorwa na Masamune Shirow. Kampuni ya Kodansha iliitoa sehemu kwa sehemu tangu mwaka 1989 hata 1990, kisha ikaipiga chapa katika kitabu kimoja mwaka 1991. Mhusika wake mkuu ni Meja Motoko Kusanagi wa Idara ya Tisa, kikosi cha siri cha serikali, ambaye mwili wake umetengenezwa kwa mikono ya mafundi, na kilichosalia cha kuzaliwa nacho ni ubongo. Kiumbe wa namna hii huitwa saibogi, neno lililoundwa mwaka 1960 na Manfred Clynes na Nathan Kline kwa kuunganisha vipande vya maneno mawili, walipokuwa wakifikiri jinsi mwili wa binadamu ungeweza kubadilishwa ili uishi katika anga za juu. Neno lililozaliwa katika mambo ya safari za anga lilipofika kwa Shirow lilikuwa limekwisha kuwa neno la mjini: saibogi wake hupanda gari, hunywa pombe, na hulalamika juu ya kazi.

Hadithi hii imeingizwa katika sinema na televisheni mara nyingi. Mbili katika kazi hizo zastahili kupimwa pamoja, nazo ni sinema ya michoro ya Mamoru Oshii iliyotolewa mwaka 1995, na sinema ya wachezaji hai iliyoongozwa na Rupert Sanders mwaka 1997 ulipokwisha kupita kwa miaka ishirini, yaani 2017. Zimetoka katika kitabu kimoja na zina matukio mengi yaliyo sawa. Walakini Oshii alikipunguza sana kitabu na bado akakifikisha. Sanders alikiongezea, na alichokiongeza ndicho kilichokiharibu. Jambo hili halionekani vema mpaka kwanza itazamwe hali ya kitabu chenyewe.

Asomaye kitabu cha Shirow kwa mara ya kwanza hushangazwa na kelele zake. Meja hucheka, hukunja uso, hufanya mzaha wakati wa hatari, na humfananisha mkubwa wake Aramaki na nyani. Wamo pia Fuchikoma, vifaru vidogo vyenye umbo la buibui, ambavyo husema kama watoto, huoneana wivu, na hata hufanya baraza juu ya kuwaasi binadamu. Jambo la pili la kushangaza ni maelezo ya pembeni. Shirow hawezi kuchora bunduki bila kueleza jinsi inavyofanya kazi, wala hawezi kumtaja waziri bila kuandika kando ya ukurasa maoni yake juu ya siasa. Msomaji huenda mbele hatua mbili, akarudi nyuma moja kusoma herufi ndogo. Kitabu hiki, basi, ni hadithi na sharhi yake pamoja, kama vile baadhi ya vitabu vya wanachuoni wa zamani ambavyo matini yake yamezungukwa na maandishi ya pambizoni kila upande.

Sinema haina pambizo. Picha ikipita imepita, na mtazamaji hawezi kuusimamisha ukumbi wote ili asome. Hii ndiyo shida ya kwanza iliyomkabili Oshii na mwandishi wake Kazunori Ito, nao waliitatua kwa njia ambayo wengi wangeiogopa: waliyaacha maelezo, na mahali pake hawakuweka kitu ila kimya. Sura moja ya kitabu yaeleza jinsi mwili wa saibogi unavyoundwa, na imejaa maelezo ya ufundi. Katika sinema ya 1995 jambo hilo limekuwa mwanzo wa filamu, wakati majina ya watengenezaji yakipita. Mwili wazama katika maji, wapanda, ngozi yaambuka, uso wafunuka, na hakuna atamkaye neno. Kinachosikika ni muziki wa Kenji Kawai tu, kwaya ya waimbaji wa nyimbo za jadi za Kijapani, na maneno yake ni ya Kijapani cha kale kwa namna ya wimbo wa arusi. Mtazamaji huweza kujiuliza arusi ya nani, maana hakuna bwana wala bibi. Mwisho wa sinema, kiumbe asiye na mwili atakapomwomba Meja waungane wawe mmoja, ndipo jibu litakapoonekana; na hata hapo hapana atakayelieleza.

Oshii aliyaondoa mengine pia. Fuchikoma hawamo. Mizaha imetoweka karibu yote, na Meja aliyekuwa mcheshi amekuwa mtu wa uso uliotulia, ambaye macho yake hayapepesi ila kwa nadra. Wapo wapenzi wa kitabu waliolalamika kwamba huyu si Motoko wao, nao hawakusema uwongo. Ni hasara ya kweli, kwa maana ucheshi wa Shirow si pambo tu. Ni njia yake ya kuonyesha kwamba mtu anaweza kubadilishwa kila kiungo na bado akabaki na tabia ya kuudhi wenzake. Lakini aliyechora macho yasiyopepesa alikuwa na kusudi. Mtazamaji amwonapo Meja ametulia hivi hawezi kujua kama ndani mna mtu anayefikiri au mna chombo kilichosimama, na shaka hiyo ndiyo Meja mwenyewe anayo juu ya nafsi yake. Shirow aliiandika shaka hiyo kwa maneno, na Oshii ameiweka usoni.

Katikati ya sinema hadithi yasimama kabisa. Kwa dakika tatu na zaidi Meja apita katika mifereji ya mji uliochorwa kwa mfano wa Hong Kong, mvua ikinyesha, mabango ya Kichina yakining'inia, sanamu za kuvalishia nguo zikitazama nje ya vioo vya maduka. Katika dirisha moja aona mwanamke mwenye sura kama yake. Haikosi kuwa mwili wa kiwandani una ndugu zake kiwandani. Hapana mazungumzo, hapana mapigano, wala hapana habari mpya inayotolewa. Mtengenezaji mwenye haraka angelikata kipande hicho kwanza, na angelikata moyo wa kazi yote.

Kisa cha mzoa taka ni mfano mwingine. Mtu huyu anamsimulia mwenzake garini habari za mkewe na binti yake. Baadaye maofisa wamjulisha kwamba hana mke wala hajapata kuwa na mtoto. Kumbukumbu hizo zilitiwa kichwani mwake na mhalifu aliyetaka kumtumia. Aonyeshwa picha ambayo alidhani ni ya binti, naye hamwoni mtoto ndani yake. Auliza kama uwongo huo waweza kufutwa, naye aambiwa kwamba huenda usifutike wote. Meja asimama nyuma ya kioo akisikiliza, wala hasemi kitu. Mtazamaji apaswa kuvuka mwenyewe kutoka kwa mzoa taka hadi kwa Meja: ikiwa huyu hakujua, yule atajuaje?

Na hapa yafaa kulitazama lile neno lililo katika jina. Kōkaku, likisikiwa bila kuandikwa, humkumbusha Mjapani gamba gumu la kaa na kamba. Shirow aliibadilisha herufi ya kwanza akaweka ile ya kushambulia, hata neno likawa na maana ya gamba la vita. Na kidōtai ni kikosi kiendacho upesi. Hivyo jina la Kijapani lasema juu ya gamba na askari, wala halitaji kilicho ndani. Jina la Kiingereza ndilo litajalo kilicho ndani, nalo lilitokana na kitabu cha Arthur Koestler cha mwaka 1967, The Ghost in the Machine, ambaye naye aliliazima fungu hilo kwa Gilbert Ryle. Ryle alilitumia mwaka 1949 kwa kuidhihaki fikira ya Descartes kwamba akili hukaa ndani ya mwili kama dereva ndani ya gari. Neno la dhihaka likawa kwa Shirow neno la shughuli za kila siku. Kijapani kina maneno yake ya kale ya roho na ya wafu, lakini Shirow aliyapita akaliandika lile la kigeni kwa herufi za maneno ya kigeni. Yamkini alifanya hivyo makusudi, maana neno geni huja mikono mitupu. Halina hekalu wala matanga.

Mfasiri wa Kiswahili hana bahati hiyo. Akisema mzimu, amekwisha kuwaita wazee waliokufa. Akisema pepo, msomaji atatafuta mganga. Nafsi yafaa palipo na fikira ya mtu juu ya yeye mwenyewe, lakini ni neno la darasani kidogo. Roho lina uzito wa dini, ila lina fadhila moja ambayo mengine hayana: Mswahili husema roho yaniambia, au roho yanituma, na hivi ndivyo hasa Meja anavyolitumia lile neno la Kiingereza, anapolishuku jambo pasipo ushahidi. Mahali hapo Kiswahili chaweza kuingia bila kubisha hodi.

Lakini shida kubwa zaidi kwa mfasiri haiko katika majina, iko katika upatanisho. Yule mhalifu wa siri aitwaye Mchezesha Karagosi hatimaye ajulikana kuwa si mtu aliyejificha. Ni programu iliyotengenezwa kwa kazi ya upelelezi, ambayo imejitambua, imeingia katika kiwiliwili cha mwanamke kisicho na miguu, nayo yadai mbele ya maofisa kwamba ni kiumbe hai na yaomba hifadhi ya kisiasa. Tazama, msomaji: sentensi hii imetumia imejitambua na yadai. Mfasiri aliyeandika hivyo amekwisha kutoa hukumu kabla ya maofisa. Akiandika amejitambua na adai, amekwisha kutoa hukumu iliyo kinyume. Kiswahili hakimruhusu msemaji kukaa katikati, maana kitenzi chahitaji kujua kama mtendaji yuko katika ngeli ya viumbe. Kijapani nacho kina mpaka wa namna hii katika kitenzi cha kuwapo, kwani chenye uhai hutajwa kwa iru na kisicho na uhai kwa aru. Kwa hiyo Mswahili na Mjapani wako karibu hapa kuliko wanavyodhani, na Mwingereza yuko kando.

Kiswahili, hata hivyo, kimekutana na viumbe wa mipakani zamani. Malaika na jini hawana mwili, nao hupewa upatanisho wa watu bila ubishi. Kipofu, kiziwi na kiwete walivalishwa kiambishi cha vitu kwa sababu ya kiungo kilichopungua, lakini kitenzi hakikukubali: kipofu huja, wala kipofu hakiji. Na juu ya maiti wasemaji hawajapatana hata leo, wengine husema maiti amezikwa, wengine maiti imezikwa. Lugha iliyojadiliana hivi na nafsi yake kwa karne nyingi haitashindwa na saibogi. Ushauri ulio bora kwa mfasiri wa sinema ya Oshii ni huu: maofisa waanze na i-, na upatanisho ugeuke katika kinywa cha mmoja wao, palepale kiwiliwili kinaponena. Hapo Kiswahili kitafanya kwa silabi moja kazi ambayo Kiingereza hakina chombo cha kuifanyia.

Kiingereza kina taabu yake nyingine, kwa sababu hulazimika kuchagua kati ya mume na mke. Mwaka 1995 Mchezesha Karagosi alipewa sauti ya mwanamume, Iemasa Kayumi, ikitoka katika kiwiliwili cha mwanamke. Oshii alipoitengeneza upya sinema hiyo mwaka 2008, sauti ile aliiondoa akampa Yoshiko Sakakibara, mwanamke. Badiliko hili ni dogo kwa mtazamo wa haraka, lakini lilipunguza kitu. Katika toleo la kwanza sikio na jicho hugombana, na ugomvi huo wamkumbusha mtazamaji kila dakika kwamba mwili huu si wa msemaji. Katika la pili vimepatana, na maneno yale yale yakawa mepesi.

Televisheni ilipata sehemu yake tangu mwaka 2002, katika mfululizo wa Kenji Kamiyama uitwao Stand Alone Complex. Mfululizo huo uliwarudisha wale buibui wadogo kwa jina la Tachikoma, na pamoja nao ucheshi aliouacha Oshii. Una nafasi ya kutosha, nao huitumia vema. Hapa yatosha kusema kwamba mwenye saa nyingi hakabiliwi na uchaguzi uleule wa mwenye saa moja na nusu.

Sinema ya Sanders yahitaji maneno zaidi, kwa kuwa haikutengenezwa na watu wavivu. Mafundi wake waliijua kazi ya Oshii kwa picha. Meja aruka kutoka juu ya jengo, mapigano ya majini yamo, mzoa taka yumo, kuzama baharini na mazungumzo ya mashuani yamo, kifaru na mikono kung'oka vimo. Hata hivyo Mchezesha Karagosi hayumo. Mahali pake amewekwa Kuze, mtu aliyeharibiwa na kampuni iliyomtengeneza, na jina lake limeazimwa kutoka mfululizo wa televisheni. Basi lile swali la kwamba kisichozaliwa chaweza kuwa hai limeondoka, na badala yake limekuja lingine: nani alimwibia Meja maisha yake ya kwanza? La kwanza halina jibu rahisi. La pili lajibiwa kwa kumtafuta mwizi, na kila mtazamaji anajua kwamba mwizi atapatikana kabla taa hazijawashwa.

Liko jambo moja jema ambalo ni la sinema hii peke yake, nalo lahusu lugha. Kila wanapoigusa akili yake, Meja hutamka jina na cheo chake na kusema kwamba ametoa idhini. Ni usemi wa aina ile aliyoichambua J. L. Austin, ambao kuutamka ndiko kulitenda jambo, kama mtu asemapo naahidi. Baadaye Daktari Ouelet, mchezaji akiwa Juliette Binoche, amfunulia kwamba idhini yake haikupata kuhitajiwa hata siku moja. Kumbe maneno aliyodhani ni tendo yalikuwa sauti tu. Hapo sinema imegusa kitu kizito kuliko visa vyake vyote vya risasi: waliompa mwili walimwachia pia adabu ya kuombwa, ili asijue kwamba haombwi. Lau mwandishi angelikaa hapo, Sanders angekuwa na sinema yake mwenyewe. Bali fungu lile larudi mwishoni kwa kumwidhinisha Aramaki ampige risasi adui, na mtazamaji afurahi, na lile jeraha likafunikwa.

Kosa kubwa laja na asili ya Meja. Kwa jina la Mira Killian amechezwa na Scarlett Johansson, nalo lilizusha malalamiko makali, kwamba mhusika wa Kijapani amepewa mchezaji Mzungu wa Marekani. Oshii mwenyewe aliitetea kazi hiyo, akasema kwamba mwili wa Meja si mwili wake wa asili wala jina lake si la asili, hivyo hakuna msingi wa kudai sura fulani. Hoja hiyo ni ya haki kwa sinema yake yeye, ambayo haikumpa Meja wazazi, wala utoto, wala kitu cha kurudia. Lakini sinema ya 2017 imempa vyote hivyo. Yasema waziwazi kwamba alikuwa msichana wa Kijapani, Motoko Kusanagi, aliyetoroka nyumbani, akatekwa na kampuni, ubongo wake ukatiwa katika mwili wenye sura ya Kizungu, na kumbukumbu zake zikafutwa kwa dawa. Asili ipo, basi, na imeibiwa. Mwenye kuieleza hadithi hiyo hawezi tena kujificha nyuma ya ngao ya Oshii, kwani yeye mwenyewe ameivunja. Tena amelisema lile ambalo walalamikaji walilisema, akalifanya kuwa kosa la jinai ndani ya hadithi, kisha akalipita kama abiria apitaye kituo kisicho chake. Meja ajua alivyofanyiwa, lakini sura aliyovishwa haimtii swali hata moja.

Sikio la mtu wa lugha litasikia zaidi. Aramaki, mchezaji akiwa Takeshi Kitano, husema Kijapani tangu mwanzo hadi mwisho, na wote humjibu Kiingereza, wala hapana asiyeelewa. Hili lingeweza kuwa wazo zuri juu ya dunia ambayo akili zimeunganishwa. Lakini Meja afikapo nyumbani kwa mama yake mzazi, mchezaji akiwa Kaori Momoi, mama na binti, Wajapani wote wawili, huongea Kiingereza. Mkubwa wa kazi amepewa lugha yake, na mama amenyimwa. Kumbukumbu za binti zilikuwa zikirudi vipande vipande kwa picha. Hakuna aliyewaza kwamba zingeweza kurudi kwa neno moja la Kijapani alilozoea kuitwa utotoni.

Miisho nayo yatofautiana. Kitabuni Batou, mwenzake wa kazi, amtafutia Meja mwili mwingine kwa haraka, na kumbe ni wa kiume, nalo lamchekesha msomaji hata baada ya mambo mazito yaliyotangulia. Katika sinema ya 1995 mwili uliopatikana ni wa mtoto wa kike. Meja, ambaye sasa ni yeye na Mchezesha Karagosi pamoja, atoka mlangoni usiku, asimama juu ya mji ulioenea taa, na ajiuliza aende wapi, kwa kuwa mtandao ni mpana. Katika sinema ya 2017 aenda makaburini. Jina lake la kwanza limeandikwa juu ya jiwe, mama yake yupo, naye amwambia kwamba hana haja ya kuja tena mahali hapo.